Radi huhesabiwa kwa dakika, volkano kwa majuma: tathmini ya programu moja ya tahadhari

Kwa miezi 14 sasa simu yangu imebeba programu inayoahidi kumwonya mtumiaji juu ya hatari mbili ninazozihofia kuliko zote katika kazi yangu, yaani dhoruba kali za radi na shughuli za volkano. Kazi hiyo ni kuongoza makundi ya watembezi milimani, watu ambao hulala kwenye mahema, hupita kwenye migongo ya milima isiyo na mti wala kibanda, na mara kadhaa kwa mwaka hupanda milima ambayo ni volkano hai. Jina la programu sitalitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyalalamikia nimeyakuta pia katika programu nyingine za aina hiyo nilizozijaribu kwa muda mfupi, na nisingependa msomaji adhani kwamba akilikwepa jina moja amelikwepa tatizo. Ninachotaka ni kumsaidia mtu anayefikiria kuipakua ajue ni jambo gani anaweza kuiachia simu, na ni jambo gani lazima alishike mwenyewe.

Hukumu yangu naitanguliza. Upande wa radi umetengenezwa na watu wanaolielewa jambo lenyewe, na mara moja, kwa hakika ninayoweza kuiapia, umewatoa watu wangu mahali pabaya. Upande wa volkano umetengenezwa kwa kunakili upande wa radi, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kwa sababu wingu la radi mara nyingi huzaliwa, hukomaa na kufa ndani ya saa moja, ilhali mlima unaweza kukaa katika hali ya wasiwasi kwa majuma, miezi au hata miaka kabla ya kulipuka, na unaweza usilipuke kabisa. Hatari mbili zenye saa tofauti kiasi hicho zimepewa kengele moja.

Siku ambayo programu ilinionyesha ubora wake tulikuwa watu 11 kwenye mgongo wa mlima ulio wazi, yapata saa nane mchana, jua likiwaka juu yetu na wingu jeusi likionekana upande wa magharibi, mbali kiasi kwamba wenzangu wawili walikuwa wamesimama wakilipiga picha. Simu ikatoa mlio mrefu usiofanana na mlio wake mwingine wowote. Ujumbe ulikuwa na sentensi nne tu: radi zinapiga kilomita 14 magharibi mwenu, wingu linasogea upande wenu na linatarajiwa kufika baada ya dakika 25, shukeni kwenye mgongo wa mlima sasa, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake wala ndani ya hema. Magari yetu mawili yalikuwa mwanzo wa njia, mwendo wa dakika 20 kwa hatua za haraka, na tuliondoka bila mjadala, kwa kuwa ujumbe haukuacha nafasi ya mjadala. Mvua ya mawe ilianza kabla mlango wa gari la pili haujafungwa, na muda mfupi baadaye tuliiona radi ikipiga mgongo ule ule tuliokuwa tumesimama.

Kilomita 14 huonekana nyingi kwa mtu aliyesimama juani, na hilo ndilo linalowaua watu. Radi inaweza kutoka ubavuni mwa wingu, ikasafiri katika anga lililo safi, na kupiga ardhi hata kilomita 15 kutoka mahali mvua inaponyesha. Njia ya zamani ya kuhesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, ambapo kila sekunde 3 huwa ni takriban kilomita 1, bado nawafundisha viongozi wangu, lakini nawaambia pia upungufu wake: anayeisikia ngurumo amekwisha kuingia katika masafa ya kupigwa, kwa sababu ngurumo kwa kawaida haisikiki mbali zaidi ya radi inavyoweza kufika. Programu humpa mtu dakika chache kabla sikio halijapata habari, na milimani dakika hizo chache ndizo zinazotosha kushuka.

Siri yake iko katika mahali inapochota habari. Rada za hali ya hewa huonyesha mvua na mawe ndani ya wingu pamoja na mwelekeo wake. Mitandao ya vipokezi vya ardhini hunasa mawimbi ya redio yanayotolewa na kila radi, na kwa kulinganisha nyakati ambazo wimbi moja limefika kwenye vipokezi mbalimbali hukokotoa mahali radi ilipopiga. Juu ya hayo kuna setilaiti zinazotazama mimweko kutoka angani, kama zile za Marekani za familia ya GOES, ambazo ya kwanza yenye uwezo huo, GOES-16, ilirushwa mwaka 2016, na ile ya kizazi cha tatu cha Meteosat, setilaiti za hali ya hewa za Ulaya, iliyorushwa Desemba 2022, ambayo huziona Ulaya na Afrika kwa pamoja. Setilaiti hizi zina thamani ya pekee mahali ambapo rada ni chache au hazipo, na nimefurahi kuona kwamba programu huandika chini ya kila tahadhari ni chombo kipi kilichotoa habari. Tahadhari iliyotokana na rada na vipokezi naichukulia kuwa ya kilomita chache huku au kule. Ile ya setilaiti pekee naichukulia kwa mapana zaidi.

Kitu kimoja katika upande huu nakithamini kuliko hata tahadhari yenyewe, nacho ni saa ya kusubiri. Radi ya mwisho ikishapiga karibu, skrini huanza kuhesabu dakika 30 kurudi nyuma, na kila radi mpya ikipiga, hesabu huanza upya. Muda huo ndio unaoshauriwa na taasisi nyingi za hali ya hewa, na sababu yake ni kwamba hatari haiondoki na mvua: nyuma ya dhoruba anga huanza kung'aa, watu hutoka walikojificha, na wingu linalokwenda bado lina uwezo wa kupiga. Nimewahi kuongoza makundi kwa miaka mingi nikibishana na watu waliolowa wanaotaka kuendelea na safari, na sasa sibishani. Nawaonyesha skrini, nao wanaisubiri sifuri pamoja nami.

Kasoro iliyopo upande huu ni moja, lakini ni nzito, nayo imo katika mipangilio. Programu ina aina mbili za tahadhari za mawingu: ya dhoruba kali, na ya radi iliyo karibu. Ya kwanza huja ikiwa imewashwa. Ya pili huja ikiwa imezimwa, na mtumiaji lazima aende kuitafuta. Msomaji asiyeijua maana rasmi ya dhoruba kali atadhani kwamba inajumuisha radi, na hapo atakuwa amekosea. Marekani, kwa mfano, dhoruba ya radi huitwa kali pale inapotarajiwa kuleta upepo wa kasi ya kilomita 93 kwa saa au zaidi, au mawe ya mvua yenye kipenyo cha sentimita 2.5 au zaidi. Wingi wa radi hauhesabiwi hata kidogo. Maana yake ni kwamba wingu dogo, lisilo na upepo wa kutisha wala jiwe moja la mvua, linaweza kumuua mtembezi bila kufikia kizingiti cha kutolewa tahadhari ya dhoruba kali. Aliye ndani ya nyumba anahitaji zaidi aina ya kwanza, kwa ajili ya paa na madirisha yake. Aliye shambani, uwanjani, ziwani au mlimani anahitaji ya pili kwanza. Kuizima ile inayomhusu mtu aliye nje ni uamuzi nisioweza kuutetea, na ninamsihi kila anayeipakua aanzie hapo kabla ya kufanya jambo lingine.

Lugha ya Kiswahili ya programu ni nzuri kuliko nilivyotarajia, isipokuwa mahali pamoja. Ngazi ya kuwa hali ya hewa ya leo inaweza kuzaa dhoruba, na ngazi ya kuwa dhoruba imekwisha kuonekana na inakuja, zote zimeandikwa tahadhari. Taarifa za hali ya hewa zinazotolewa kwa Kiswahili zina maneno yanayopanda kwa ngazi, angalizo likiwa chini ya tahadhari, na tahadhari kubwa ikiwa juu ya zote, na ingekuwa rahisi kuyatumia. Mtu akiambiwa tahadhari asubuhi, tena adhuhuri, tena alasiri, bila kujua kwamba mbili za kwanza zilimtaka tu awe macho na ya tatu ilimtaka akimbie, ataichoka ile ya tatu kabla haijafika.

Sasa nije kwenye volkano, ambako ndiko nilikokaa na programu hii kwa muda mrefu zaidi nikiisoma, kuilinganisha na taarifa za vituo vya uangalizi, na kusikitika.

Usiku mmoja, saa tisa, simu ilitoa mlio ule ule mrefu wa radi. Niliamka, nikavaa viatu, nikafungua mlango wa hema nikitafuta wingu. Nyota zilikuwa zikiwaka. Ujumbe ulisema kwamba volkano fulani imepandishwa hadi rangi ya chungwa, basi. Haukusema nifanye nini, wala ni eneo gani la mlima linalohusika, wala mabadiliko hayo yametokana na nini. Ilinichukua nusu saa kugundua kwamba rangi ile haikuwa yangu kabisa, bali ya marubani.

Hili linahitaji kuelezwa, kwa sababu wengi hawalijui. Kuna mfumo wa rangi nne, kijani, manjano, chungwa na nyekundu, unaotumika kimataifa kuwaarifu waendeshaji wa ndege juu ya hali ya volkano. Haja yake ilidhihirika kwa matukio ya kutisha. Mwaka 1982 ndege ya British Airways iliingia katika wingu la majivu la mlima Galunggung, Indonesia, injini zake zote nne zikazima. Mwaka 1989 ndege ya KLM ilipatwa na jambo lilo hilo katika majivu ya mlima Redoubt, Alaska. Ndege zote mbili ziliteremka kwa kuelea, injini zikawashwa tena, na zikatua. Mfumo wa rangi huangalia jambo lililo angani: je, kuna majivu, au yanaweza kurushwa, kiasi cha kuhatarisha injini? Mwaka 2010 mlima Eyjafjallajökull wa Iceland ulizuia ndege kuruka katika sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa, ilhali watu waliohamishwa kutoka miguuni mwake walikuwa mamia tu. Anayeishi au kulala chini ya mlima huhitaji kipimo kingine, cha ardhini, na vituo vya uangalizi hukitoa kipimo hicho kando na rangi za ndege. Programu imechukua rangi za ndege na kumpa mtu aliye kwenye hema.

Mahali ambapo imetumia viwango vya ardhini, imevichanganya. Kila nchi ina ngazi zake, nazo hazitafsiriki moja kwa moja. Japani ina ngazi 1 hadi 5, na kila ngazi imefungwa na jambo la kufanya. Ngazi ya 3 humwambia mtu asiukaribie mlima. New Zealand ina ngazi 0 hadi 5, lakini zake hueleza mlima unafanya nini sasa hivi. Ngazi ya 3 huko humaanisha kwamba mlipuko mdogo tayari unaendelea. Indonesia ina ngazi nne, na kila moja ina jina lake: Normal, Waspada, Siaga na Awas. Programu huzikusanya zote na kuzimimina katika vikapu vitatu, hatari ndogo, ya kati na kubwa, kana kwamba ngazi ya 2 ya mahali pamoja ni sawa na ngazi ya 2 ya pengine.

Na kikapu cha hatari ndogo ndicho kinachonitia hofu kuliko kile cha hatari kubwa. Tarehe 27 Septemba 2014 mlima Ontake wa Japani ulilipuka mchana, watembezi wakiwa kileleni, na watu 63 walikufa au hawakuonekana tena. Siku hiyo mlima ulikuwa katika ngazi ya 1, ngazi ya chini kabisa, ambayo wakati huo ilielezwa kwa neno lenye maana ya kawaida. Baada ya msiba huo neno lilibadilishwa, likawekwa maelezo yanayomkumbusha mtu kwamba yuko kwenye volkano hai. Tarehe 9 Desemba 2019 kisiwa cha Whakaari, New Zealand, kililipuka kikiwa katika ngazi ya 2, na watu 22 kati ya 47 waliokuwa kisiwani wakapoteza maisha. Milipuko ya namna hii, inayosukumwa na mvuke wa maji yaliyopashwa moto chini ya ardhi, inaweza kuja na dalili chache mno. Kwa sababu hiyo, kwenye kreta ya volkano hai, hatari ndogo ni maneno yanayopaswa kuandikwa kwa uangalifu mkubwa. Programu huyaandika kwa kijani, na alama ya vema pembeni.

Hata hivyo, kasoro iliyonifanya niandike tathmini hii ni nyingine. Nilikuwa nikiandaa safari ya siku tatu kwenye mlima mmoja hai. Jioni ya kuamkia safari nilifungua programu, nikautafuta mlima ule, nikakuta ukurasa mtupu wenye maneno hakuna tahadhari kwa sasa. Kwa mazoea tu, nilifungua pia taarifa ya kituo kinachoufuatilia mlima huo, nikakuta kwamba kiwango kilikuwa kimepandishwa siku 19 zilizopita, kwamba hakikuwa kimeshushwa, na kwamba njia ya kwenda kileleni ilikuwa imefungwa. Programu ilikuwa imeipokea tahadhari siku ile ilipotolewa, ikapiga mlio wake, kisha baada ya saa 24 ikaifuta kwa kuwa muda wake umekwisha. Ndivyo inavyofanya kwa mawingu, na kwa mawingu ni sawa: wingu la jana limekwisha kufa. Lakini kiwango cha volkano si tukio linalopita. Ni hali inayodumu hadi wanaoufuatilia mlima waseme imekwisha. Safari niliivunja, na usiku ule sikupata usingizi nikifikiria viongozi wengine ambao hawana mazoea yangu.

Historia imejaa mifano ya jinsi saa ya volkano inavyokwenda kwa namna zake. Wakazi wa Grindavík, Iceland, walihamishwa tarehe 10 Novemba 2023 baada ya matetemeko kuzidi na ardhi kupasuka, na mlipuko karibu na mji wao ulianza tarehe 18 Desemba, zaidi ya majuma matano baadaye. Kisiwani Guadeloupe, katika bahari ya Karibi, mwaka 1976 zaidi ya watu 70,000 waliondolewa kwa miezi kutoka kandokando ya mlima Soufrière, na mlipuko mkubwa uliohofiwa haukutokea. Upande wa pili kuna Nyiragongo, jirani ya jiji la Goma, ambao tarehe 22 Mei 2021 ulianza kumwaga lava bila onyo kutangulia, na agizo la kuhama sehemu ya jiji likatolewa siku kadhaa baadaye, ardhi ilipokuwa bado ikitetemeka. Huduma inayojua kupiga kelele mara moja na kunyamaza baada ya saa 24 haiwezi kumtumikia mtu wa Grindavík, wala wa Guadeloupe, wala wa Goma.

Kuna pia suala la duara. Programu hutuma tahadhari ya volkano kwa simu zote zilizo ndani ya kilomita 30 kutoka kreta, na mtumiaji hana namna ya kuubadilisha umbali huo. Kwa mawe yanayorushwa na mlipuko, duara lina maana. Kwa majivu halina, kwa sababu majivu hufuata upepo. Kwa mafuriko ya tope halina maana kabisa, kwa sababu tope hufuata mabonde ya mito. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1985 mlima Nevado del Ruiz wa Kolombia ulilipuka, mlipuko ambao haukuwa mkubwa, lakini joto lake liliyeyusha sehemu ya barafu ya kileleni, na maji yaliyochanganyika na majivu na mawe yakashuka mitoni. Yalichukua takriban saa mbili na nusu kufika mji wa Armero, uliokuwa zaidi ya kilomita 40 kutoka kreta. Mkoa mzima ulipoteza watu zaidi ya 23,000, wengi wao wakiwa wa mji huo. Ramani ya maeneo ya hatari ilikuwa imekwisha kuchorwa na kutolewa mwezi mmoja kabla, na Armero ulikuwamo. Saa mbili na nusu zilitosha watu kutembea kwa miguu hadi mahali pa juu. Nikilichora duara la programu hii juu ya ramani hiyo, Armero unabaki nje, na simu za mji mzima zinabaki kimya.

Nilikuwa na matumaini kwamba programu inayobeba hatari zote mbili ingefanya jambo ambalo programu za hatari moja haziwezi, yaani kuziunganisha. Mvua na volkano hukutana, na zikikutana huzaa hatari ya tatu. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipofikia kilele cha mlipuko wake tarehe 15 Juni 1991, kimbunga kilikuwa kikipita hapo siku ile ile. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwa sababu wanasayansi waliufuatilia mlima kwa majuma na kupandisha ngazi hatua kwa hatua, kazi ambayo mpaka leo ni ya kupigiwa mfano. Lakini vifo vingi vya siku zile vilitokana na mapaa yaliyoporomoka, kwa kuwa majivu yaliyolowa mvua huongezeka uzito kwa nusu yake au hata maradufu. Kwa miaka mingi baadaye kila msimu wa mvua uliteremsha tope kutoka kwenye majivu yaliyolala miteremkoni. Programu hii ina rada ya mvua mkono mmoja na orodha ya volkano mkono wa pili, lakini haijawahi kumwambia mtumiaji kwamba mvua kubwa inakaribia mlima uliotapika majivu mwezi uliopita. Mikono hiyo miwili haijuani.

Haijuani pia katika jambo lingine. Wingu la majivu lenyewe huzaa radi, kwa kuwa chembe zake husuguana na kujaa umeme. Mlipuko wa Hunga Tonga, volkano ya chini ya bahari ya Pasifiki, wa tarehe 15 Januari 2022 ulizaa radi zilizofikia takriban mimweko 2,600 kwa dakika, kiwango kikubwa kuliko chochote kilichowahi kurekodiwa, na mitandao ile ile ya vipokezi vya radi hutumika leo kugundua milipuko kwenye visiwa vya mbali visivyo na kituo. Programu ikipata radi za namna hiyo itamwandikia mtumiaji dhoruba ya radi, imwambie asubiri dakika 30, bila kutaja majivu wala barakoa.

Kinachonisikitisha ni kwamba dawa ya sehemu kubwa ya haya iko tayari ndani ya ujumbe unaopokelewa. Tahadhari nyingi za serikali husafirishwa kwa mpangilio wa kimataifa uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, ambao hutenganisha mambo matatu: uharaka, yaani hatua ichukuliwe lini, ukali, yaani madhara yatakuwa makubwa kiasi gani, na uhakika, yaani jambo lina uwezekano gani wa kutokea. Wingu la radi lililo kilomita 14 lina uharaka mkubwa na uhakika mkubwa. Mlima unaotetemeka una ukali unaoweza kuwa mkubwa mno, uharaka wa kati, na uhakika mdogo. Nilipoifungua kurasa ya undani ya tahadhari moja nilikuta mambo hayo matatu yameandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. Juu yameyeyushwa kuwa rangi moja na mlio mmoja. Niliwaandikia waundaji mara mbili. Walijibu kwa heshima, wakakubali kwamba muda wa saa 24 ulirithiwa kutoka kwenye taarifa za mvua, na wakaahidi kuutazama. Toleo nililonalo leo, ambalo ni jipya, bado linafuta.

Mambo madogo nayapitia upesi. Betri haimalizwi haraka, mradi mtu asiiruhusu simu kuizima programu ili kuokoa chaji, kwa sababu simu nyingi hufanya hivyo bila kuuliza. Pasipo mtandao hakuna tahadhari, na programu husema wazi ni lini ilipata habari mara ya mwisho, jambo ninaloliheshimu. Nchi kadhaa hutuma maonyo kwa njia ya minara ya simu, yakazifikia simu zote za eneo kwa mpigo bila intaneti wala programu. Mwenye bahati ya kuwa na huduma hiyo asiizime kwa kudhani kwamba programu imeichukulia nafasi.

Kwa radi naipa nyota nne kati ya tano, na ya tano ningeiongeza siku ambayo tahadhari ya radi iliyo karibu itakuja ikiwa imewashwa. Kwa volkano naipa mbili, zote kwa ajili ya orodha yake ya milima, ambayo ni pana na imewekewa viungo vya vituo vya uangalizi. Sijaifuta, na sikusudii kuifuta. Mlio wa volkano nimeuacha umewashwa, lakini ukurasa mtupu siuamini tena: siku moja kabla ya safari, na tena asubuhi ya safari, hufungua taarifa ya kituo kinachoufuatilia mlima wenyewe, nikatazama tarehe ya taarifa, kiwango kilichopo na eneo lililofungwa, kisha nikayaandika matatu hayo kwenye karatasi mbili, moja ya kwangu na moja ya kiongozi anayetembea nyuma ya kundi.